Nguzo ya Winogradsky kwa matope ya Uganda: kuanza jiokemia ya Dunia ya kale bila maabara

Kijana anayetaka kuwa mwanasayansi wa mizunguko ya kemikali ya Dunia na viumbe wake wa mwanzo huambiwa asubiri: asubiri chuo, asubiri maabara, asubiri mashine ambayo shule yake haitainunua kamwe. Hana haja ya kusubiri. Msingi wa kazi hii ni kujua nani anampa nani elektroni ndani ya tope, na jambo hilo huonekana kwa macho kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza chupa nne za kulinganisha, namna ya kuzisoma, mambo yanayoharibika na sababu zake, kisha njia ya kutoka kwenye chupa hizo hadi kwenye taaluma yenyewe.

Kifaa hiki huitwa nguzo ya Winogradsky. Sergei Winogradsky (1856–1953), mzaliwa wa Kyiv, alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba bakteria wa jenasi Beggiatoa hupata nguvu kwa kuoksidisha haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza. Hawahitaji sukari wala jua. Ugunduzi huo ulifungua milango mingi, kwa sababu viumbe wanaoishi kwa kemia ya mawe na gesi ndio tunaowatafuta kwenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 3.

Aliye Uganda ana faida ambayo mwenzake wa Mombasa au Zanzibar hana. Maji ya bahari ya leo yana takriban milimoli 28 za salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) katika kila lita, hivyo tope la pwani huja likiwa limejaa salfeti tangu mwanzo. Maji ya Ziwa Victoria na ya vinamasi vingi vinavyolizunguka yana salfeti kidogo mno. Bahari za kabla ya oksijeni kujaa hewani nazo zilikuwa maskini wa salfeti. Makadirio yanayotumika sana ni chini ya mikromoli 200 kwa lita, yaani milimoli 0.2, na wengine huenda chini zaidi. Kwa hiyo tope la kinamasi cha mafunjo hukuanzishia upande wa Dunia ya kale, na wewe ndiye unayeamua ni chupa ipi itaongezwa salfeti. Ukilielewa hilo, chupa zako zimeshakuwa jaribio, si pambo la dirishani.

Tope

Tafuta mahali maji yametulia: ukingo wa kinamasi, bwawa la samaki lililoachwa, ghuba isiyo na mawimbi. Mchanga wa mtoni haufai, maana oksijeni huupenya na mabaki ya mimea ni machache. Fukua sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa tope. Ukikuta rangi nyeusi au kijivu cha risasi na harufu kidogo ya yai viza, umefika. Tope la kahawia hafifu lina oksijeni bado. Endelea kuchimba au hama. Kwa chupa nne chukua lita 5 za tope na lita 3 za maji ya hapohapo, kwenye ndoo zenye vifuniko.

Kabla ya kuchimba, mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na umweleze unachofanya. Vinamasi vinalindwa kisheria, na mtu anayeonekana akichimba na ndoo anaweza kudhaniwa anajaza ardhi au anatafuta udongo wa matofali. Epuka mitaro inayobeba maji taka ya mji, kama Nakivubo pale Kampala: vijidudu vya kuhara na metali nzito vitakuharibia jaribio na afya.

Jambo la kuogopa zaidi ni kichocho. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria na Ziwa Albert kipo, na kimelea chake hupenya ngozi ndani ya maji. Vaa buti za mpira na glavu ndefu, usiingie maji yaliyopita kimo cha buti, na ukirowa jikaushe mara moja kwa taulo. Toa konokono wote kwenye ndoo kwa kijiti, halafu acha ndoo zikae zimefunikwa siku mbili kivulini kabla ya kuanza kazi. Kimelea kilichokwisha kutoka kwenye konokono hakiishi muda mrefu kuliko huo majini kisipopata mtu. Hata hivyo, endelea kuvaa glavu.

Baada ya siku hizo mbili, chuja tope kwa wavu wa matundu ya milimita 5 hivi. Ondoa mizizi, mawe na hasa minyoo. Mnyoo mmoja mnene akibaki atachimba njia, ataingiza oksijeni na kuchanganya matabaka yote. Wanyama walianza kuchimba sakafu ya bahari kwa kiwango cha kuonekana kuelekea mwanzo wa kipindi cha Kambria, takriban miaka milioni 540 iliyopita. Kabla ya hapo tope lililala na matabaka yake. Unapotoa minyoo unairudisha hali hiyo.

Viungo vya chupa nne

Unahitaji vitu vinne tu, lakini vipime. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha.

Karatasi ya gazeti ni chakula, yaani selulosi. Ukurasa wa gazeti dogo ukifunguliwa wote una takriban gramu 10; tumia nusu yake, gramu 5 kwa kila chupa, iliyochanwa vipande vya ukucha na kulowekwa usiku kucha. Usitumie karatasi ya kung'aa ya majarida, ina udongo mweupe na rangi nyingi.

Maganda ya mayai yaliyosagwa, gramu 5 kwa chupa, ni kabonati ya kalisi. Karatasi inapochachuka hutoa asidi. Bila kabonati pH hushuka na bakteria wengi wa salfa husita.

Jasi, ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu, ndiyo salfeti yako. Vipande vilivyovunjika vya mbao za dari hupatikana bure kwenye majengo mapya; bandua karatasi yake na usage. Plasta ya Paris nayo ni salfeti ya kalisi, ila iloweshe, iache igande, ndipo uisage, la sivyo itagandia ndani ya tope. Chaki ya ubaoni yaweza kuwa jasi au kabonati kulingana na kiwanda. Idondoshee siki: ikitoa mapovu ni kabonati, ikinyamaza kuna uwezekano mkubwa kuwa ni jasi.

Cha nne ni udongo mwekundu wa moramu, uliokaushwa na kupepetwa. Wekundu wake ni oksidi za chuma.

Sasa gawanya hivi. Chupa A: tope, karatasi na maganda ya mayai tu. Chupa B: kama A, pamoja na jasi gramu 10. Chupa C: kama B, pamoja na moramu gramu 50. Chupa D: kama B kabisa, lakini ifungwe yote kwa karatasi ya foili isipate mwanga. Kama una nguvu ya kutengeneza chupa nane, rudia kila aina mara mbili. Tofauti kati ya B na B mwenzake ndiyo itakayokuambia kama tofauti kati ya A na B ina maana.

Miongozo mingi husema uongeze kiini cha yai kama chanzo cha salfa. Tuliache hilo. Kiini kina protini, hutoa amonia na uvundo wa kufukuza darasa, tena hujui umeweka salfa kiasi gani. Jasi inahesabika: gramu 10 ni milimoli 58 za salfeti, maana moli moja ni gramu 172. Huyeyuka polepole pia, gramu 2 hadi 2.5 tu kwa lita, hivyo bakteria wanapoila nyingine inayeyuka nyuma yake. Chumvi ya Epsom huyeyuka yote mara moja na kusambaa chupa nzima.

Kujaza

Tumia chupa zisizo na rangi. Za plastiki ya bluu huchuja mwanga. Bandua lebo. Kata sehemu ya juu ya chupa nyingine iwe faneli.

Kwa kila chupa, changanya mililita 350 za tope na viungo vyake vyote mpaka iwe kama uji mzito unaoanguka kijikoni kwa vipande. Mimina chini. Gongagonga kitako cha chupa juu ya kitambaa kilichokunjwa mpaka mapovu ya hewa yatoke. Hewa iliyobaki ni oksijeni mahali usipoitaka. Juu yake ongeza mililita 650 za tope lisilo na kiungo, ukigonga tena. Kisha teremsha maji ya kinamasi taratibu juu ya kijiko ili tope lisitibuke, mililita 250 hivi, na acha nafasi ya hewa juu yake.

Usikaze kifuniko. Chupa hii itatoa kaboni dioksidi na methani kwa wiki kadhaa, na chupa iliyokazwa huvimba, kisha hupasuka au humwagika. Funga mdomo kwa kitambaa cha chandarua kilichokazwa na mpira, kisha weka kifuniko juu bila kukizungusha. Chandarua si urembo: maji yaliyotulia yasiyofunikwa ni kitalu cha mbu, na ndani ya wiki moja utaona viluwiluwi.

Andika kwa kalamu isiyofutika jina la chupa, tarehe, na mshale wa upande unaotazama dirisha. Bandika ukanda wa rula ya karatasi, sifuri ikiwa kwenye uso wa tope.

Mwanga na joto

Hapa ndipo nguzo nyingi hufa. Jua la ikweta likipiga chupa moja kwa moja saa sita mchana hulipika tope. Weka chupa karibu na dirisha linalopata mwanga mwingi lakini si miale ya moja kwa moja, au nyuma ya pazia jeupe. Nyuzi 22 hadi 30 ni nzuri. Kabale ni baridi zaidi, hivyo tarajia kusubiri zaidi.

Wengine huweka chupa kabatini chini ya taa ya LED nyeupe na kushangaa kwa nini rangi ya zambarau ya bakteria wa salfa haitokei. Sababu iko kwenye rangi ya mwanga. Sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, hutumia klorofili inayonyonya mwanga mwekundu wa nanomita 680 hivi, na taa ya LED inao. Bakteria wa kijani wa salfa hutegemea zaidi nanomita 740 hadi 755, na wale wa zambarau nanomita 800 hadi 890, mwanga ambao jicho letu halioni na taa ya LED ya kawaida haitoi. Dirisha lina vyote. Balbu ya zamani ya waya unaowaka nayo inavyo, ila inapasha joto. Iweke mbali sentimita 50.

Yatakayoonekana

Wiki ya kwanza ni mapovu na maji yenye ukungu. Bakteria wa kuchachua wanakata selulosi, na oksijeni yote ya ndani ya tope inamalizika. Wiki ya pili hadi ya tatu, chini ya chupa B na D panageuka peusi tititi. Huo ni salfaidi ya chuma: bakteria wanaopumua salfeti wametoa haidrojeni salfaidi, nayo imekamata chuma. Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya sita maji na uso wa tope wa A, B na C hupata kijani cha sianobakteria na mwani. Kati ya wiki ya nne na ya kumi, kwenye ukuta wa B unaotazama dirisha, hutokea madoa ya waridi yanayokua kuwa zambarau, na chini yake pengine kijani cha zeituni. Kijani hukaa chini kwa sababu bakteria wake huvumilia salfaidi nyingi zaidi na hutosheka na mwanga hafifu. Mahali salfaidi inapokutana na oksijeni, utando mweupe kama pamba huenda ni Beggiatoa.

Chupa D itakuwa nyeusi bila zambarau. Inathibitisha kwamba wapumuaji wa salfeti hawahitaji mwanga, wakati bakteria wa rangi wanaokula salfaidi wanauhitaji.

Chupa A ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo yenye thamani kubwa kwetu. Bila salfeti ya kutosha, weusi huwa mdogo, gesi huwa nyingi kwa sababu watengeneza methani hawana mshindani wa chakula, na chuma kilichopokea elektroni huyeyuka na kupanda. Kinapogusa oksijeni karibu na uso wa tope hugeuka kutu, na utaona mstari wa rangi ya chungwa. Ni chuma kilichoyeyuka kikigandishwa kwa kuoksidishwa, tukio la familia moja na lile lililojenga miamba ya chuma yenye mistari, ambayo mingi ni ya kati ya miaka bilioni 2.8 na 1.8 iliyopita.

Yanayoharibika

Chupa nyeusi yote na rangi nyingine haiji hata baada ya miezi mitatu: chuma kimezidi. Hili ni tatizo la Uganda hasa, kwa sababu udongo wetu mwekundu hushuka na mvua hadi vinamasini. Fanya hesabu ya chupa C. Tuseme moramu yako ina chuma asilimia 10 kwa uzito. Gramu 50 zina gramu 5 za chuma, karibu milimoli 90. Jasi yote ikigeuka salfaidi inatoa milimoli 58. Kila atomu ya salfaidi ina chuma cha kuikamata, hakuna inayobaki huru, na bakteria wa zambarau wanakosa chakula. Chupa C imewekwa ili uone hilo kwa makusudi. Likitokea kwenye B, tope lako lenyewe lina chuma kingi. Tengeneza upya kwa jasi gramu 20 au 25, au hamia kinamasi kilicho mbali na mteremko mwekundu.

Tope limekatika vipande vilivyotenganishwa na mifuko ya gesi: karatasi imezidi au hukuichana vizuri. Ingiza waya mwembamba safi mara moja ili gesi itoke, kisha usiguse tena. Gesi hiyo ina methani, moto usisogee.

Maji ya juu yamekuwa kijani kizito na chini hakuna kitu: mwanga umezidi au salfeti imesahauliwa. Uvundo mkali usiopungua baada ya mwezi: oksijeni haifiki au hakuna wa kuila salfaidi, mara nyingi kwa kukosa mwanga. Ukiisikia harufu kisha ghafla usiisikie tena kwenye chumba kilichofungwa, toka nje. Haidrojeni salfaidi kwa wingi huua uwezo wa pua kuinusa, na hapo ndipo inapokuwa hatari. Chupa moja dirishani haifiki huko. Chupa thelathini kwenye stoo ndogo ni jambo lingine.

Maji yakipungua, ongeza ya mvua. Ya bomba yana klorini; yaache kwenye beseni wazi usiku mzima kwanza. Andika umeongeza mililita ngapi.

Kupima, siyo kutazama tu

Piga picha kila wiki, siku ileile na saa ileile, chupa ikiwa mbele ya karatasi nyeupe, bila kuizungusha. Kwenye daftari weka joto, urefu wa kila tabaka kwa milimita, rangi, mapovu. Daftari lenye wiki zilizorukwa linakubalika. Lenye tarakimu za kubuni kujaza wiki zilizorukwa halifai kabisa.

Salfaidi ipimwe kwa waya wa shaba. Chukua waya wa umeme, uvue plastiki sentimita 30, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uchome wima karibu na ukuta wa chupa, uuache saa moja. Shaba hugeuka nyeusi kuanzia kina ambapo salfaidi huru ipo. Utoe, upanguse, upige picha hapohapo pamoja na rula. Usiuache siku nzima. Shaba ni sumu kwa bakteria. Kwenye B mpaka wa weusi hupanda usiku na kushuka mchana, kwa sababu bakteria wanaokula salfaidi hufanya kazi kukiwa na mwanga. Pima saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri uone. Kwenye C waya unaweza kutoka safi kabisa ingawa tope ni jeusi. Hiyo ni hoja yako ya chuma, imethibitishwa kwa waya tu.

Shule yenye hadubini ichukue tone la zambarau kwa sirinji na kulitazama kwa ukuzaji wa mara 400. Seli zenye chembe zinazong'aa ndani ni za zambarau zilizohifadhi salfa.

Ukimaliza, zika tope shimoni nje, mbali na kisima. Usimwage kwenye sinki.

Kusoma chupa kama mwamba

Dunia ina takriban miaka bilioni 4.54. Stromatolaiti (miamba yenye matabaka) za Pilbara, magharibi mwa Australia, zinaonyesha utando wa vijidudu karibu miaka bilioni 3.48 iliyopita. Oksijeni ilikuja kudumu hewani kuanzia miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Ushahidi mzito wa tarehe hiyo unatoka kwenye salfa: mwaka 2000 James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walionyesha kwamba miamba ya zamani ina mgawanyiko wa isotopu za salfa (atomu za salfa zenye uzito tofauti) usiofuata uzito, ambao hutokea pale miale ya jua inapovunja gesi za salfa kwenye hewa isiyo na oksijeni. Baada ya muda huo alama hiyo hutoweka.

Kuna mgawanyiko mwingine, unaofuata uzito, na huu unatokea ndani ya chupa yako. Wapumuaji wa salfeti hupendelea salfa-32 kuliko salfa-34, hivyo salfaidi yao huwa nyepesi. Salfeti ikiwa chache sana, upendeleo huo hufifia, na kwenye chupa iliyofungwa ambamo salfeti yote imekwisha, salfaidi ya mwisho inarudia uwiano wa jasi uliyoanza nayo. Makadirio ya mikromoli 200 yalitoka humo: ukubwa wa mgawanyiko kwenye madini ya kale ulilinganishwa na majaribio ya bakteria walio hai.

Usivuke mpaka, lakini. Karatasi ni mmea, na Dunia ya miaka bilioni 3 iliyopita haikuwa na mmea. Bakteria wako ni wa leo. Chupa inaonyesha kanuni, haionyeshi historia. Mwombaji wa masomo anayeandika "nimetengeneza upya bahari ya kale" anawachekesha wasomaji wake.

Kutoka chupani hadi kazini

Kidato cha tano na sita, Kemia haina mbadala. Iongeze Hisabati, na Biolojia au Fizikia. Chuoni kuna milango mitatu: jiolojia (Makerere ina idara ya jiolojia na mafunzo ya petroli), kemia, au biolojia ya vijidudu. Wowote uchukue, kisha uzibe pengo. Mwanajiolojia ajifunze kemia ya maji na hesabu za usawa wa kemikali. Mwanabiolojia ajifunze madini na kusoma mwamba shambani. Mwanakemia afanye vyote viwili. Programu ya PHREEQC ya idara ya jiolojia ya Marekani hupatikana bure na inakokotoa kiasi gani cha jasi au salfaidi ya chuma kitaganda kwenye maji yako. Ijaribu kwa chupa B. Lugha ya R nayo ni bure, na inatosha kwa takwimu zote za miaka ya mwanzo.

Mada za utafiti usizitafute mbali. Ziwa Katwe lina chumvi na salfeti nyingi pembeni mwa maji baridi, kwa hiyo linakupa upande wa pili wa chupa zako. Chemchemi za Sempaya huko Semuliki zina maji yanayochemka. Maziwa ya kreta ya magharibi yana baadhi ambayo vina vyake havina oksijeni. Kasese ina historia ya pairaiti (madini ya chuma na salfa) yenye kobalti kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe: kuanzia 1999 rundo lake lilichakatwa kwa bakteria wanaooksidisha chuma na salfa, na mtiririko wa asidi kutoka kwenye mabaki ni somo la mazingira hadi leo. Hapo pana ajira pia, kwa kuwa kampuni za madini na za maji huajiri watu wanaojua salfaidi inageukaje asidi.

Vibali vianze mapema. Utafiti husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ndani ya hifadhi unahitaji ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori. Kupeleka nje ya nchi sampuli zenye vijidudu kunahitaji kibali cha rasilimali za kijenetiki na makubaliano ya maandishi na maabara inayopokea. Mwanafunzi anayeanza kuulizia wiki moja kabla ya safari hupoteza msimu.

Shambani, makosa ya kuhifadhi sampuli hayarekebishiki. Maji ya kupima salfaidi yawekewe zinki asetati papo hapo, yajae hadi mdomoni bila povu la hewa, maana oksijeni huila salfaidi haraka. Maji ya kupima chuma yachujwe kwanza, kisha yatiwe asidi. Ukitia asidi kabla ya kuchuja unayeyusha tope na kulipima. Tope la DNA ligandishwe au litiwe kihifadhi siku hiyohiyo.

Kwa uzamili na uzamivu, vyuo vingi vya Marekani hulipia wanafunzi wa uzamivu wa sayansi hizi, na maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Ujerumani ina shirika la ufadhili la DAAD, Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Mwandikie msimamizi miezi mitatu kabla, maneno yasiyozidi 200: makala yake moja uliyoisoma na swali moja linalotokana nayo, kisha uambatanishe ukurasa mmoja wa data yako. Grafu ya kina cha salfaidi kwenye B na C kwa wiki kumi, yenye vipimo vilivyorudiwa na mistari inayoonyesha kiwango cha makosa ya vipimo, inasomwa. Barua inayoanza kwa sifa za profesa na kumalizia kwa ombi la ufadhili hufutwa. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha mwandikie mwingine.